Tanga kwa Mara ya Kwanza, na Hesabu za Nafasi ya Nne

Sisi wa Mbeya tunashuka Dar es Salaam kwa barabara ileile ya Makambako, Iringa, Mikumi na Morogoro. Pale Chalinze pana njia panda ya kwenda kaskazini, na miaka yote niliyosafiri niliitazama dirishani tu, basi langu likiipita bila hata kupunguza mwendo. Tanga niliijua kwa redio. Jumamosi jioni sauti ya mtangazaji ilikuwa ikitufikia kutoka Mkwakwani, makelele ya watu nyuma yake, nami najaribu kukisia uwanja wenyewe umekaaje.

Aliyenipeleka ni jirani yangu wa Mwananyamala, fundi cherehani, mzaliwa wa Ngamiani hukohuko Tanga. Katika kibanda chake cha kushonea hakuna picha ya Yanga wala ya Simba, jambo ambalo kwa Dar linatosha kumfanya mtu aulizwe kama kwao kuna matatizo. Yeye ni Coastal Union, timu ya kwao Tanga, kama baba yake. Wiki ya pili ya Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zikiwa zimekatika siku chache tu nyuma, alikuwa anakwenda kumwona huyo baba yake, nami nikamwambia nina nafasi.

"Basi twende, jirani," akasema. "Ila nakuomba kitu kimoja. Ukifika nyumbani usianze na habari za Yanga na Simba. Sisi mwaka huu tunazungumza nafasi ya nne."

Kwa asiyefuatilia, ligi yetu ina timu 16, na kila moja inacheza mechi 30. Bingwa na wa pili wanakwenda Ligi ya Mabingwa Afrika. Wa tatu anakwenda Kombe la Shirikisho Afrika pamoja na bingwa wa kombe la nyumbani, na bingwa huyo akiwa tayari yumo kwenye tatu za juu, kiti chake kinashuka kwa wa nne. Kule chini, wawili wa mwisho wanashuka moja kwa moja, na wa 13 na wa 14 wanaingia kwenye mchujo, kwa hiyo wa 12 ndiye wa mwisho kulala usingizi. Nafasi tatu za juu, kwa miaka ya karibuni, zina wenyewe: Yanga, Simba na Azam wanabadilishana tu nani akae wapi. Iliyobaki kwa timu nyingine zote 13 ni ile ya nne. Msimu ule Coastal Union walikuwa wameikalia, na mechi zilizobaki zilikuwa chache.

Tuliondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, jua halijapanda. Hadi Kibaha watu walikuwa wamesinzia. Mlandizi kipindi cha michezo kikaanza redioni, na msomaji alipoupitia msimamo wa ligi, jirani akamwomba dereva aongeze sauti. Hilo kosa. Kufika Chalinze basi zima lilishajua kuwa kiti cha kumi na tano amekaa mtu wa Coastal.

Wa kwanza kumvaa alikuwa kondakta, mtu wa Simba, aliyekata tiketi zake huku akibisha. Alisema nafasi ya nne ni ya kugombewa na watu waliokata tamaa, yeye hata haijui ina rangi gani. Jirani akamjibu kwamba mwaka huu ataijua vizuri, maana Simba wenyewe wanaisogelea kwa mlango wa nyuma. Msimu ule Simba walikuwa wanabanana na Azam kwenye nafasi ya pili, kocha wao Abdelhak Benchikha alikuwa ameshaondoka mwisho wa Aprili, na timu ilikuwa mikononi mwa Juma Mgunda. Hapo jirani akapata la kusema hadi Msata. Mgunda ni mtu wa Tanga, alikuwa kocha wa Coastal, na Simba walimchukua Septemba 2022 ligi ikiwa imeanza tu. "Bakari Mwamnyeto mmemtoa kwetu, mkampeleka Jangwani," akasema, akisahau kwamba Jangwani ni Yanga, kondakta ni wa Simba, na hilo halimhusu. "Ibrahim Ame mkamchukua nyie. Kocha mkamchukua nyie. Halafu mnatuuliza kwa nini tunataka nafasi ya nne? Mngetuacha na watu wetu tungetaka ya kwanza!"

Basi likacheka, hata kondakta.

Nyuma yetu alikuwapo mzee mmoja, askari magereza mstaafu, anakwenda Korogwe kwa binti yake. Alipojua natoka Mbeya aliniita mwana wa nyumbani na kunitaka nisimame upande wa Tanzania Prisons, ambao alidai bado wana hesabu. Alizitoa hesabu zenyewe: wao washinde zote, Coastal wapoteze mbili, KMC watoe sare na Namungo, Ihefu wafungwe popote pale. Mama aliyekaa upande wa pili, na makapu yake ya nguo za mtumba miguuni, alimsikiliza hadi mwisho kisha akamuuliza, "Baba, na mvua inyeshe siku gani?"

Daraja jipya la Wami tulilivuka ubishi ukiwa palepale. Lile la zamani, jembamba, la kupita gari moja moja, bado linaonekana kwa pembeni, na madereva waliowahi kulipita usiku wanalitaja kwa sauti ya chini. Baada ya hapo ni Mbwewe, Mkata, Kabuku, na mkonge ukaanza. Nilikuwa nimesoma habari za mkonge wa Tanga tangu shule ya msingi, ramani na tarakimu za tani, lakini kuuona umepangwa mstari hadi mlimani ni jambo jingine. Mashamba mengine yamefyekwa safi. Mengine yameachwa, na miti imeota katikati ya mistari.

Ubishi wa basini ulinifundisha kitu nilichokuwa sikijui, ingawa nimekulia mpirani. Shabiki wa Yanga au Simba anahitaji kuijua timu yake na ya pili. Ligi iliyobaki kwake ni ratiba tu. Anayegombea nafasi ya nne hana anasa hiyo. Jirani yangu alijua kwamba timu inayopigania kushuka ni ngumu mwezi Mei kuliko bingwa, kwa sababu bingwa ameshamaliza kazi na yule mwingine anacheza kwa mkataba wa mwakani. Alijua nani ana kiporo, nani anasafiri kutoka Kigoma hadi Ruangwa katikati ya wiki, na uwanja upi mpira haudundi ukiloa. Alijua kwamba Coastal hawafungi mabao mengi, na hakuficha. "Hatufungi," akamwambia yule mstaafu, "lakini na sisi hatufungwi." Kipa wao, Mkongomani Ley Matampi, alikuwa anashindana na Djigui Diarra wa Yanga kwa mechi za kutoruhusu bao, na hilo kwa timu isiyo na fedha za Jangwani ni jambo la kujivunia. Kocha wao, Mkenya David Ouma, aliwakuta msimu umeshaanza vibaya chini ya Mwinyi Zahera, akaanza kwa kufunga mlango wa nyuma.

Segera tulisimama kula. Mayai ya kuchemsha, chipsi, mihogo. Mabasi ya Arusha na Moshi yanaendelea mbele, ya Tanga yanakata kulia, na hapo ndipo mandhari inapobadilika: Hale, kisha Muheza, na machungwa kila mahali, kwenye ndoo, kwenye magunia, kwenye vichwa vya watoto wanaokimbilia madirisha. Pongwe nikaona kiwanda cha saruji, na kwenye mifuko iliyopangwa kwenye malori jina la bidhaa: Simba. Nilimgusa jirani, nikamwonyesha.

"Nilijua tu utaiona," akasema.

Tulishuka Kange, tukachukua bajaji. Ngamiani mitaa inahesabiwa: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea, kwa hiyo mgeni hapotei labda atake. Nyumba ni za chini, zenye baraza mbele, na baiskeli ni nyingi kuliko nilivyozoea kuona Dar. Coastal Union na wapinzani wao wa jadi, African Sports, wote wana kwao huku, mwendo wa miguu kati yao. Mji mmoja, timu mbili za mtaani, na uadui uliozeeka hadi umekuwa ujirani. Mwaka 2016 zilishuka daraja zote mbili pamoja, na ya tatu ya mkoa, Mgambo, ikashuka nazo. Ligi nzima ilishusha timu tatu msimu ule, na zote tatu za Tanga. Kijana wa bajaji alinieleza hayo kabla hata sijamuuliza, kama mtu anayekuonyesha kovu ili usije ukaliona mwenyewe ukashtuka.

Baba wa jirani yangu alikuwa amekaa barazani. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za Mbeya, baridi, mvua, mazao. Akasubiri nimalize chai. Kisha akasema: "Tukuyu Stars hawajambo?"

Sikujua nicheke au nisikitike. Tukuyu Stars ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Coastal Union ikautwaa 1988. Mzee aliniweka upande mmoja na yeye kwa hesabu hiyo: sisi ni watu wa mikoani tuliowahi kuwa na ubingwa. Baada yetu Mtibwa Sugar wa Morogoro waliuchukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, na tangu hapo haujatoka tena Dar es Salaam. Mzee ana maelezo yake. Zamani, anasema, mchezaji wa Tanga alikuwa na kazi Tanga, bandarini, relini au kiwandani, na akicheza vizuri anabaki hapohapo kwa sababu mshahara wake uko hapo. Siku kazi zilipokwisha, mpira ukapanda basi kwenda Dar. Sina hakika kama hiyo ndiyo sababu yote. Fedha za matajiri wa klabu na za televisheni nazo zimefanya yake. Ila sikumbishia, mimi mgeni.

Baraza lenyewe lilianza baada ya swala ya isha. Muuza kahawa alikuja na dele lake na vikombe vikigongana, kashata zikapita, na watu wakaongezeka mmoja mmoja hadi mkeka ukajaa na wengine wakakaa kwenye tofali. Pembeni mama mmoja alikuwa akikaanga mihogo, na mtu akidhani hasikilizi atakuwa amekosea sana.

Mwenye baraza, kwa heshima, alikuwa mwalimu mmoja mstaafu. Alisema kwa utaratibu, kidole kikihesabu, kana kwamba tuko darasani.

"Nafasi ya nne," alianza, "tuliletewa. Msiseme tumeitafuta." Akaeleza kwamba Tanzania haikuwa na viti vinne Afrika. CAF inahesabu pointi za nchi kwa jinsi klabu zake zinavyofika mbali katika misimu mitano, na nchi 12 za juu ndizo zinapewa timu mbili mbili kwenye kila kombe. Tuliingia humo kwa jasho la Simba hasa, waliofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2019 na kurudia baadaye. Yanga wakaongeza yao, wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 na USM Alger. "Na msimu huu wote wawili wamefika robo fainali. Kwa hiyo mnaowatukana makolo na utopolo, mkae mkijua kiti mnachokitaka wamechonga wao."

Kijana wa bajaji, ambaye kumbe naye ni wa barazani, hakupenda. "Wamechonga kwa wachezaji wetu, mwalimu!"

"Hilo nimekubali. Sasa nisikilize. Mwaka 2021 alikikalia nani?"

Watu wakanyamaza kidogo. Biashara United ya Mara, mtu akasema.

Biashara walimaliza wa nne msimu wa 2020/21. Wakaenda Afrika, wakawatoa Wadjibouti, wakapangwa na Al Ahli Tripoli ya Libya, na mechi ya marudiano hawakuifikia, kwa sababu safari ilikwama kwenye taratibu na vibali. Msimu huohuo, 2021/22, wakashuka daraja. Waliofuata kukikalia walikuwa Geita Gold, msimu ambao George Mpole wao alimaliza mfungaji bora kwa mabao 17, mbele ya Fiston Mayele. Wakatolewa na Wasudani mapema tu. "Na Geita leo yuko wapi kwenye msimamo?" mwalimu akauliza. Kila mtu alijua. Geita walikuwa mkiani, na mwisho wa mwezi ule walishuka kweli.

"Kiti kina msumari," akamalizia mwalimu, akanyoosha mkono kupokea kikombe.

Waliobaki walimrukia wote kwa pamoja. Mmoja alisema Singida nao walikikalia mwaka uliopita na hawajashuka. Mwingine akajibu kwamba Singida wana fedha na wamebadilisha jina, kwa hiyo msumari haukumpata mtu mwenyewe. Jirani yangu, mpole sana akiwa Mwananyamala, alikuwa amesimama. Hoja yake ilikuwa kwamba Biashara hawakushushwa na Afrika, walishushwa na njaa, na njaa ilikuwapo kabla ya Afrika. Timu inayokosa fedha za safari ya Libya haikuwa na fedha za safari ya Mbeya vilevile. Ni kwamba Mbeya unaweza kwenda kwa mkopo wa basi.

Mimi nilikuwa nimekaa kimya kama inavyompasa mgeni. Baba wa jirani ndiye aliyenigeukia. "Mgeni wetu anajua habari hizi. Mbeya City."

Nikaeleza. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ilipanda ligi kuu kwa mara ya kwanza na kumaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, juu ya Simba. Uwanja wa Sokoine ulikuwa haupitiki, mashabiki waliifuata timu mikoani kwa mabasi, na kila mtu mjini alikuwa na hesabu za ubingwa wa msimu unaofuata. Wakati ule wa tatu haendi Afrika. Hatukupata safari, tulipata wageni: waliokuja kuwatazama wachezaji wetu. Deus Kaseke akaenda Yanga, kocha Juma Mwambusi naye akaenda hukohuko. Timu ikabaki ligi kuu miaka kadhaa ikihangaika katikati na chini, hadi 2023 ikatolewa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mchujo na kushuka.

"Kwa hiyo unasema tusikitake?" yule kijana akaniuliza.

Nikamwambia naona wakitake, ila wajue kinachomfuata mwenye nacho. Nafasi ya nne haikuangushi kwa sababu ya uchawi. Unamaliza wa nne mwezi Mei, mwezi Juni mawakala wanajua majina ya mabeki wako wote, mwezi Agosti unatakiwa ucheze nje ya nchi na kikosi ambacho hujakizoea, na ligi haikusubiri. Aliyefika pale kwa kutofungwa anaanza kwa kuuza mabeki. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Kijana akasema wazi kwamba naongea kama mtu wa Yanga.

Kisha wakaingia kwenye kombe la shirikisho la nyumbani, ambako Coastal walikuwa nusu fainali wakimsubiri Azam. Bingwa wa kombe naye hupata kiti cha Afrika, kwa hiyo kulikuwa na njia mbili. Hapo hata mwalimu alilegea, kwa sababu kombe hilo lina kidonda chake. Tarehe 2 Julai 2022, Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Coastal walicheza fainali na Yanga, wakamaliza 3-3, mabao yote matatu ya Coastal ya mtu mmoja, Abdul Suleiman Sopu. Wakafungwa kwa penalti. Nilidhani watanisimulia mabao. Walinisimulia safari: basi lililoondoka Tanga usiku, ndoo ya maandazi iliyokwisha Mombo, mtu aliyekosa sauti kwa siku tatu. Bao la tatu walibishana kama lilikuwa la kichwa au la mguu, ingawa wote walikuwapo.

"Msimu uliofuata Sopu alikuwa wapi?" mwalimu akauliza.

"Azam," baraza likajibu, kwa pamoja, kama itikio la dua.

Saa tano hivi mama wa mihogo alikuwa anazima jiko. Akasema maneno ambayo mimi nayaweka juu ya yote niliyoyasikia usiku ule. Alisema wanaume wanabishana kana kwamba nafasi ya nne ni ya kupeleka watu Angola au Sudan. Yeye anaitaka kwa sababu nyingine: timu ikiwa juu, watu wanajaa Mkwakwani hata ikija timu ndogo, na siku kama hizo anauza mihogo gunia zima kabla ya mapumziko. Timu ikiwa katikati ya msimamo, watu wanajaa siku mbili tu kwa mwaka, Yanga akija na Simba akija. "Mkishindwa huko Afrika rudini tu," akasema. "Ila Mkwakwani pajae."

Asubuhi jirani alinipeleka kuuona uwanja. Nilishangaa jinsi ulivyo mjini kabisa, umebanwa na barabara na maduka, siyo kama viwanja vya siku hizi vinavyotupwa porini. Geti lilikuwa limefungwa. Nikaweka jicho kwenye upenyo nikaona nyasi, ambazo mvua ilikuwa imezitendea wema, na majukwaa. Mlinzi alituambia habari ya Agosti 2023, Ngao ya Jamii ilipochezwa hapa ikiwa na timu nne, zile nne za juu za msimu uliotangulia: Yanga, Simba, Azam na Singida. Fainali ilikwisha bila bao, na kipa Ally Salim akaipa Simba ngao kwa kuokoa penalti tatu za Yanga. Mji ulijaa, nyumba za wageni zikapandisha bei, na Coastal, wenye uwanja, hawakuwamo. Mlinzi alisema siku zile alifungulia geti watu wa mikoa yote akijiona kama mpishi wa harusi ambayo hakualikwa.

Kutoka pale tulitembea hadi bustani ya Jamhuri, juu ya bandari. Kisiwa cha Toten kiko mbele yako karibu kabisa, maji yalikuwa ya kijani, na meli mbili zilikuwa zimetia nanga. Jirani alinyoosha kidole upande wa Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta kutoka Uganda. Kuna matumaini mengi mjini juu ya bomba hilo, na mpira haukuachwa nje. Nilishayasikia barazani: kampuni zikija, mojawapo itaidhamini timu, na mchezaji wa Tanga atabaki Tanga. Mzee wa 1988 alilisikia hilo akasema anaomba uzima.

Niliondoka siku iliyofuata. Kange walinifungia machungwa ambayo sikuyaomba.

Tarehe 18 Mei Azam waliwafunga Coastal 3-0 kwenye nusu fainali kule Mwanza, na njia moja ikafungwa. Nyingine ikabaki wazi. Ligi ilipokwisha tarehe 28 Mei, Yanga walikuwa mabingwa kwa pointi 80, Azam na Simba wamelingana kwa pointi 69 na Azam kupita kwa tofauti ya mabao, na wa nne, mbali nyuma yao lakini juu ya wengine wote, walikuwa Coastal Union. Geita walishuka siku zilezile. Jirani alifunga kibanda chake mchana, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata sikukuu ikikaribia na nguo za watu zimerundikana.

Yaliyofuata yalikuja kwa mpangilio uleule wa mwalimu. Juni haijaisha Simba walimtangaza beki Lameck Lawi kuwa wao, Coastal wakasema biashara haijakamilika, na mvutano ukaanza. Agosti, kwenye Ngao ya Jamii, Coastal, safari hii wakiwa waalikwa, walikutana na Azam tena, nusu fainali kule Zanzibar, na kufungwa 5-2. Kombe la Shirikisho wakapangwa na Bravos do Maquis ya Angola. Ugenini 3-0. Marudiano hayakuchezwa Mkwakwani bali Dar es Salaam, kwa hiyo watu wa Tanga walipanda basi usiku kwenda kuiona mechi yao ya nyumbani, na mimi niliyekuwa nimewafuata kwao nikawapokea kwangu. Iliisha 0-0. Hawakufungwa, kama jirani alivyosema.

Msimu uliofuata nafasi ya nne waliichukua Singida Black Stars. Coastal hawakushuka, kwa hiyo msumari wa mwalimu haukuwapata, na kijana wa bajaji alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika mbili kunikumbusha kwamba nilibashiri kama mtu wa Yanga. Mwishoni mwa ujumbe akaguna, akaongeza habari iliyokuwa imetoka wiki ile: Mbeya City wamepanda, wanarudi ligi kuu.

"Sasa mgosi," akasema, "na nyie mmerudi. Mnaitaka ya ngapi?"

Nikamrudishia: ya kumi na mbili.